Je, Bunge humpiga msasa waziri mteule kwa dhati, au huidhinisha tu orodha iliyotoka Ikulu?

Mwalimu wa Umoja anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule moja ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Wiki iliyopita niliandika ubaoni hatua za kuunda baraza la mawaziri kama zilivyo katika Katiba ya 2010: Rais huteua, Bunge la Kitaifa hupiga msasa, yaani huwakagua wateule, na kuidhinisha, kisha mawaziri huapishwa. Kabla sijaiweka chaki mezani, msichana anayeketi karibu na dirisha aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama Spika na wabunge walio wengi ni wa mrengo wa Rais, ni nani basi anayemkagua mwenzake?" Darasa lote likatulia kunisubiri. Nilitoa jibu la kitabuni, kwamba mihimili ya serikali hudhibitiana, lakini niliona usoni mwake kwamba hakuridhika, na kwa kweli mimi pia sikuridhika.

Nimekuwa nikiukumbuka mwaka wa 2022. Rais William Ruto aliapishwa katika uwanja wa Kasarani tarehe 13 Septemba, akatangaza orodha ya mawaziri wake tarehe 27 mwezi huohuo, na mawaziri wakala kiapo Ikulu tarehe 27 Oktoba. Ulikuwa mwezi mzima kati ya orodha na kiapo, na katika mwezi huo wote, ndani ya matatu za Jogoo Road na katika chumba cha walimu, nilisikia watu wakihesabu jambo moja tu: eneo lipi limepata wizara ngapi na jamii ipi imeachwa. Ni nadra nilipomsikia mtu akiuliza kama mteule wa wizara fulani anaifahamu kazi anayokwenda kuifanya.

Ombi langu kwa wanaojua ni hili: nielezeni ukaguzi huo una uzito gani hasa, na kama mwananchi wa kawaida ana mahali pa kuingiza neno lake baada ya kura kuhesabiwa. Taifa linaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na wengi wa wanafunzi hawa watakuwa wamefikia umri wa kupiga kura. Sitaki kuwapa jibu ambalo mimi mwenyewe siliamini.

Wakili wa Mtaani:

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo hata mawakili wakongwe hulikwepa, kwa hiyo mpongeze kwanza.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 152 cha Katiba kinasema baraza ni Rais, Naibu wa Rais, Mwanasheria Mkuu na mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, na kwamba waziri hawezi kuwa mbunge. Kikomo hicho kilitokana na machungu. Mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi na mapatano ya Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga, serikali ya muungano ilikuwa na mawaziri 40, na juu yao kukawa na kundi kubwa la mawaziri wasaidizi. Wote walikuwa wabunge, kwa hiyo sehemu kubwa ya Bunge ikawa ndiyo hiyo hiyo serikali ambayo Bunge lilitakiwa kuisimamia. Ndugu zetu wa Tanzania bado wana utaratibu wa aina hiyo, ambapo mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge, na anayethibitishwa na Bunge ni Waziri Mkuu peke yake. Sisi tuliamua kuitenganisha mihimili hiyo miwili na kuweka mlango katikati, na mlango huo ndio tunaouita kupiga msasa.

Kuhusu uzito wake, ipo sheria ya mwaka wa 2011 inayoongoza namna Bunge linavyowaidhinisha wateuliwa wa nyadhifa za umma. Inalitaka Bunge kuangalia mambo matatu: jinsi mteule alivyopatikana, iwapo masharti ya Katiba na sheria yametimizwa, na iwapo uwezo, tajriba na sifa za mteule zinalingana na kazi yenyewe. Hilo la tatu ndilo mwanafunzi wako anapaswa kulishika. Lakini sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho watu wengi hawakijui, nami hukiona kuwa kidonda: muda uliowekwa ukipita kabla Bunge halijakubali wala kukataa, mteule huchukuliwa kuwa ameidhinishwa. Yaani ukimya wa Bunge huhesabiwa kuwa kibali.

Je, Bunge limewahi kukataa? Oktoba 2022 Kamati ya Uteuzi, chini ya Spika Moses Wetang'ula, ilipendekeza Peninah Malonza asiidhinishwe kuwa Waziri wa Utalii, lakini wabunge walipokutana ukumbini waliligeuza pendekezo hilo wakamwidhinisha. Miaka miwili baadaye, Agosti 2024, Stella Soi Lang'at aliyeteuliwa kusimamia wizara ya Jinsia alikataliwa, na safari hiyo uamuzi ukasimama. Mmoja kati ya wote hao ni kiasi kidogo mno. Siwezi kumwambia mwanafunzi wako kwamba mlango umefungwa kabisa, lakini nisingethubutu kumwambia kwamba uko wazi.

Mzee wa Habari:

Nimekuwa mwandishi wa habari za Bunge kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeketi katika vikao vingi vya kupiga msasa, vikiwemo vya ukumbi wa County Hall. Naomba niwaonyeshe kinachotokea chumbani, maana televisheni huonyesha uso wa mteule tu.

Mteule huingia amebeba faili nene. Ndani yake mna vyeti vya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, Mamlaka ya Ushuru, Idara ya Upelelezi wa Jinai na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii ya mwisho ikionyesha kwamba hajakwepa kulipa deni la masomo. Huapa, huketi peke yake mbele ya meza ndefu, na mwenyekiti humwomba ajieleze. Swali linalofuata karibu kila mara ni la mali: una thamani ya shilingi ngapi? Hapo kalamu zote za waandishi huamka, yangu ikiwemo, kwa sababu tulijua mhariri anataka takwimu hiyo iwe kichwa cha habari cha kesho. Mteule hutaja nyumba, mashamba, hisa na magari, kisha maswali ya ziada kuhusu mali hiyo hula dakika nyingi. Linapofika swali la kazi, tuseme mteule wa Kilimo anaulizwa atafanya nini ili mbolea imfikie mkulima kabla ya mvua za masika, wajumbe wameanza kutazama saa na mteule mwingine anangoja nje. Hapo ndipo nimesikia majibu ya "nitashirikiana na wadau wote" yakipita bila mtu kuuliza wadau gani, kwa bajeti ipi, kufikia mwezi gani.

Ninakiri kwamba sisi waandishi tulichangia hali hiyo. Tulipeleka nyumbani hesabu ya mali, tukaliacha chumbani swali la kazi.

Jambo la pili, Mwalimu, ni kwamba sehemu kubwa ya orodha huwa imekwisha kupangwa kabla ya uchaguzi wenyewe. Vyama vinapoungana huandikiana mikataba, na nyadhifa ni sehemu ya mikataba hiyo. Mwaka wa 2022 Musalia Mudavadi alipewa cheo cha Mkuu wa Mawaziri, afisi ambayo hutaipata popote katika Katiba kwa jina hilo, iliyoundwa kwa amri ya Rais. Wengine walitolewa katika viti ambavyo wananchi walikuwa wamewachagua wiki chache tu zilizotangulia. Alice Wahome alikuwa mbunge wa Kandara, Aden Duale wa Garissa Mjini, na Kipchumba Murkomen seneta wa Elgeyo Marakwet, na kote huko ikabidi watu warudi kwenye debe Januari 2023.

Hao walikuwa na bahati kuliko watu wa Ugunja. Mbunge wao, Opiyo Wandayi, aliteuliwa Waziri wa Kawi Rais alipoliunda baraza upya Julai 2024 na kuwaingiza viongozi wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga. Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, lakini wakati huo tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na watu wa Ugunja hawakupiga kura hadi Novemba 2025. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwananchi wa huko mwenye jambo la kupeleka Bungeni hakuwa na mjumbe wa kulibeba. Sikumsikia mjumbe akilitia uzito swali hilo wakati wa kupiga msasa: ukiondoka, watu wako wataachiwa nani? Naamini lingestahili kuulizwa kabla ya swali la mali.

Mwana wa Lamu:

Shikamoo Mzee, na heshima kwenu nyote. Naomba nitofautiane na Mwalimu kidogo, bila ubishi. Kuhesabu maeneo si upuuzi wa watu wa matatu. Kifungu cha 130 cha Katiba kinataka serikali kuu iwe na sura ya taifa, yaani ionyeshe maeneo na jamii mbalimbali za Kenya. Mimi nimezaliwa Lamu na sasa ninafanya kazi South B, hapa Nairobi. Nilipokuwa mtoto, barabara ya kutoka kwetu kwenda Garsen ilikuwa vumbi na matope, na wazee wetu waliamini kwamba hali ile haingebadilika mpaka mtu anayeijua kwa miguu yake mwenyewe aketi kwenye meza ambako bajeti inagawanywa. Hawakuwa wakitafuta fahari ya kabila.

Ninachokubaliana nacho ni kwamba hesabu hiyo isiishie kwenye jina la ukoo. Mtu anaweza kutoka kwetu na asikanyage kwetu kwa miaka kumi. Aulizwe mbele ya kamati: katika wizara hii, ni nini kitafanyika Lamu, Mandera na Turkana ambacho hakijafanyika? Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za Bunge, nasi tutalisoma tena baada ya miaka miwili.

Nyokabi K.:

Mmezungumza mengi, lakini hakuna aliyewataja wanawake. Rais mpya alikuwa ameahidi kwamba nusu ya baraza lake lingekuwa la wanawake. Orodha ya Septemba 2022 ilipotoka, katika mawaziri 22, tukimhesabu Mkuu wa Mawaziri, wanawake walikuwa 7. Thuluthi moja ya 22 ni saba na ushei, kwa hiyo hata kanuni ya thuluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili, haikufikiwa, sembuse hiyo nusu. Na jambo hili lilikuwa limekwisha kuamuliwa mahakamani: Desemba 2016 Mahakama Kuu ilisema baraza la wakati huo lilikiuka kanuni ya jinsia, ikauahirisha utekelezaji wa uamuzi huo ili serikali iliyofuata uchaguzi wa 2017 ijipange. Wakili amesema Bunge linatakiwa kuangalia iwapo masharti ya Katiba yametimizwa. Kasoro hii haimo katika faili ya mteule yeyote, iko katika orodha nzima. Kamati inapompokea mteule mmoja mmoja, ni nani anayeitazama orodha kwa jumla? Mimi naona hapo ndipo penye pengo kubwa kuliko yote mliyoyataja.

Mama Kayole:

Mwalimu, umeuliza kama mwananchi ana mahali pa kuingiza neno lake. Pahali papo, na nitakueleza jinsi tulivyopakosa.

Mwaka wa 2022 sisi akina mama wa kikundi chetu hapa Kayole tulikuwa na jambo tulilolijua kuhusu mteule mmoja. Sitamtaja, wala jambo lenyewe sitalitaja, kwa kuwa halikupata kuthibitishwa mbele ya kamati. Tulikutana Jumapili baada ya ibada, tukaandika barua ya kurasa tatu kwa kalamu ya wino wa buluu. Watu 43 walitia sahihi, na nyanya mmoja asiyejua kuandika alitia alama ya kidole gumba. Nilipanda matatu hadi mjini na bahasha ile nimeibana kwapani. Nilipoifikisha, kijana aliyeipokea aliisoma ukurasa wa kwanza kwa adabu sana, kisha akaniuliza: "Mama, muhuri wa kamishna wa viapo uko wapi?"

Sikujua hata kilichoulizwa. Kumbe sheria haitaki barua, inataka taarifa ya maandishi iliyotolewa kwa kiapo. Kijana akanieleza kwamba barua bila kiapo ni maoni, na kwamba hati ya kiapo ndiyo ushahidi, ambao kamati inaweza kumsomea mteule ili aujibu. Nilikwenda kumtafuta kamishna wa viapo siku hiyohiyo. Lakini niliyoandika hayakuwa katika muundo wa kiapo, mengine tulikuwa tumeyasikia kwa watu wala hatukuyaona wenyewe, na tulipomaliza kuandika upya, mteule wetu alikuwa amekwisha kuhojiwa na kuondoka. Sahihi 43 zikarudi nyumbani nami.

Kwa hiyo mwambie yule binti hivi: tangazo la majina na tarehe za vikao hutoka magazetini angalau siku saba kabla, na ndani ya siku hizo chache ndipo mwananchi ana nafasi yake. Anayengoja kuona mteule akihojiwa kwenye televisheni amechelewa. Na aandike tu alichokiona kwa macho yake au alicho na karatasi yake mkononi.

Wakili wa Mtaani:

Mama, umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Niongeze tu kwamba taarifa hiyo ya kiapo huelekezwa kwa Karani wa Bunge, nayo inapaswa kufika kabla ya kikao. Kila aya ibebe jambo moja, na kila karatasi inayoambatanishwa ipewe nambari. Mtu mmoja mwenye ushahidi wa kweli ana nguvu kuliko sahihi mia za watu waliosikia.

Nyokabi, swali lako ni zito nami nakubaliana nawe. Sheria inaruhusu Bunge kuangalia jinsi wateule walivyopatikana, na kwa maoni yangu kamati ingeweza kuanza kwa kuijadili orodha nzima kabla ya kumwita mtu wa kwanza. Hilo halijawa desturi. Lililobaki ni mahakama, na umeona jinsi mahakama inavyoenda polepole: uamuzi wa 2016 ulihusu baraza lililoanza kuundwa mwaka wa 2013.

Wengine wataniuliza kuhusu kumwondoa waziri akishaingia. Mbunge yeyote, akiungwa mkono na robo ya wenzake, anaweza kuleta hoja ya kumtaka Rais amfute waziri. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila Spika, kwa hiyo wanahitajika 88. Mei 2024, kuhusu sakata ya mbolea ghushi, wabunge 149 walipiga kura hoja dhidi ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, iendelee, na 36 wakapinga. Kamati ya wajumbe 11 iliyoundwa kuchunguza ikasema, kwa kura 7 dhidi ya 4, kwamba madai hayakuthibitishwa, na jambo likaishia hapo. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Julai, Rais aliwafuta karibu mawaziri wote kwa siku moja, akambakisha Mudavadi, kwa sababu vijana walikuwa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru. Lile ambalo Bunge lilishindwa kulifanya kwa waziri mmoja, vijana walililazimisha kwa takriban baraza zima, na wengine walilipa kwa maisha yao. Ninaposema mlango wa kupiga msasa uchukuliwe kwa uzito, ni kwa sababu nimeona gharama ya kurekebisha mambo baadaye.

Mwalimu wa Umoja:

Nimewasoma nyote mara mbili, na nimeyanakili majibu haya katika daftari langu la maandalizi. Mwana wa Lamu, umenirekebisha kwa haki, nami nitakirudia kifungu cha 130 darasani kabla sijazungumza tena kuhusu watu wa matatu.

Mama Kayole, nina ombi. Kama bado unayo barua ile, ningependa wanafunzi waione, majina na jambo lenyewe likiwa limefunikwa. Ningewapa kazi ya kuigeuza barua hiyo kuwa taarifa ya kiapo: wachague sentensi zipi zinaweza kusimama mbele ya kamati na zipi zinapaswa kuondolewa kwa kuwa ni za kusikia tu. Mzee wa Habari, ukiwa na nafasi, njoo uketi mbele yao kama mwenyekiti wa kamati, nami nitakuwa mteule. Wanihoji kuhusu kazi, na anayeuliza habari za mali asubiri hadi mwisho.

Mama Kayole:

Ninayo, Mwalimu, iko katika sanduku la vyeti vya watoto. Majina nitayafunika kwa karatasi na gundi mimi mwenyewe, ila alama ya kidole cha nyanya nitaiacha wazi, maana alikwisha kutuacha mwaka jana na watoto wake wameniruhusu. Nitaileta Alhamisi saa nne, nitakuwa langoni.